Kwale wa kuwinda anapokuwa mgumu kama mpira

Pole, ndugu. Kwale watatu wa leseni, umewachemsha saa nzima hapo Arusha, unasema kidari kimekauka, mapaja bado yanavutika na nyama inanuka. Kosa ni kumpika mzimamzima: kidari na paja havitaki moto mmoja.

Angalia kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu wa dume. Kikiwa kifupi na butu, bado mchanga. Kirefu chenye ncha ni mzee, huyo ni wa mchuzi tu.

Mtoe matumbo huko huko porini. Utumbo uliotobolewa na marisau (vidonge vidogo vya bunduki) ndio unaoleta ile harufu uliyoilalamikia. Mlaze kwenye friji siku mbili, kisha mkate vipande. Mapaja yabandike na kitunguu, tangawizi na nyanya, moto mdogo, kwa saa mbili hadi tatu. Arusha iko juu, takriban mita 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo nyama huchelewa kuiva. Kidari kiloweke saa nne kwenye maji ya chumvi, gramu 50 kwa lita, kikaushe, kikaange kwa samli. Ndani kikifika nyuzi 74, epua hapo hapo.

Papasa nyama kwa kidole: tundu jeusi lenye unyoya ulioingia ndani huenda lina kidonge cha risasi. Madini ya risasi ni sumu. Kata nyama yote inayozunguka tundu, na mjamzito au mtoto mdogo asile kabisa.

Ndege uliyemkuta amekufa au anasinzia usimguse, mwite afisa mifugo.