Mungu amenyamaza: nimekosea wapi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu aliachishwa kazi, huu mwaka wa pili. Nimefunga kavu siku tatu kama Esta, mara mbili, na bado nanyonyesha. Kimya. Kanisani naambiwa nisilie, Mungu anafanya kazi kwa siri. Hiyo kazi nitaijuaje?
Mama wa watoto wawili, Iringa

JIBU: Amina, dada. Kwanza, kufunga kavu acha leo. Anayenyonyesha anahitaji maji. Esta naye hakufunga ili Mungu ajibu kwa lazima. Siku ya tatu alivaa mavazi ya kifalme akamwendea mfalme bila kuitwa, kosa la kuuawa.

Ila kitabu umekipata. Katika Esta ya Kiebrania, sura zote 10, jina la Mungu halimo (linatajwa kwenye nyongeza za Kigiriki, zilizomo katika Biblia za Kikatoliki). Kisome kwa mkupuo mmoja, penseli mkononi. Tia alama 2:21–23: Mordekai, Myahudi aliyemlea Esta, anafichua njama ya kumuua mfalme, inaandikwa, hapewi kitu. Halafu 3:7: Hamani, mkuu wa mfalme anayetaka kuwaangamiza Wayahudi wote, anapiga kura mwezi wa 1 kupata siku ya kuwaua, inaangukia mwezi wa 12. Halafu 6:1: mfalme anakosa usingizi, anasomewa kumbukumbu, na deni la Mordekai linaibuka usiku uleule Hamani ameshasimamisha mti wa dhiraa 50 wa kumtundika. Angelipwa mapema, usiku huo kusingekuwa na deni la kuibuka. Na kura ingeangukia mwezi wa 2, barua ya kuwaokoa Wayahudi, ya tarehe 23 mwezi wa 3, ingekuta wameshazikwa.

Hayo anayaona msomaji. Mordekai mwenyewe alivaa gunia akalia katikati ya mji. Esta akamtumia nguo alivue, akazikataa (4:4). Hao wanaokuzuia kulia wanakuletea nguo zilezile. Wala hakuna aliyemwambia kwamba kimya ni adhabu ya dhambi yake. Zaburi ya 13 ina "hata lini" nne kabla ya kufika kwenye kuimba; usiziruke.

Chukua daftari. Ukurasa wa kushoto andika tarehe, ombi, na mlichofanya wenyewe: barua ya kazi, mtu mliyemwendea. Wa kulia uache mtupu, uurudie baada ya miezi 3, kisha 6. Wengi huharibu hapa. Wanaujaza haraka, "Mungu alimtoa kazini ili...", na tafsiri hiyo ikianguka, imani inaanguka nayo. Jambo likitokea kweli, andika jambo lenyewe na tarehe, basi.