Baridi mnaisingizia, mwizi ni giza

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza walio Ulaya na Marekani wafanye nini ili moyo usinyong'onyee miezi ya baridi. Nadhani wengi watawajibu blanketi nene na supu ya moto. Si vibaya, ila baridi inasingiziwa. Kinachomlaza mtu kitandani hadi adhuhuri ni giza.

Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa amezoea mchana wa saa 12 hivi, mwaka mzima. Stockholm, Uswidi, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu saa 3 kasoro robo asubuhi, na kabla ya saa 9 alasiri limeshazama. Mwenye kazi ya ndani anaweza kumaliza wiki hajaliona. Na saa ya mwilini hupangwa na mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Ukikosekana, mwili hudhani bado ni usiku: usingizi hauishi, hamu ya wanga na vitu vitamu inapanda, uzito nao unafuata, na mtu anaitwa mvivu bure. Norman Rosenthal, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu wa huzuni ya majira ya baridi kitaalamu pamoja na wenzake mwaka 1984. Anayesema ni kudeka, msameheni.

Dawa ya kwanza haiuzwi: kutoka nje. Taa za sebuleni hutoa luksi (kipimo cha mwanga) 100 hadi 300 hivi. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, mchana hupata 1,000 na kuendelea, mara nyingi maelfu kadhaa. Jicho hujirekebisha upesi, ndiyo maana tofauti hiyo hatuihisi. Tembea dakika 20 hadi 30 mara kukishapambazuka. Zamu ikikubana, tumia mapumziko ya chakula cha mchana badala ya kuyamalizia kwenye simu. Nyumbani, hamishia kiti cha chai dirishani.

Kama unaamka kukiwa bado giza, tafuta taa ya tiba ya mwanga: mwanga mweupe, luksi 10,000, yenye kichujio cha mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi na macho. Hapa ndipo wengi hupigwa. Boksi linaandika 10,000 kwa herufi kubwa, halafu pembeni, kwa herufi za sisimizi, kwamba zimepimwa sentimita 15 kutoka kwenye taa. Nani atakunywa chai pua ikiwa imegusa taa? Chagua inayozifikisha kwa sentimita 30 au zaidi, kwa sababu umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unaokufikia hushuka hadi karibu robo. Iweke mezani, pembeni kidogo na juu ya usawa wa macho. Macho yawe wazi, lakini usiikodolee. Soma au kula. Dakika 30 kila siku, ndani ya saa moja baada ya kuamka. Nafuu huja baada ya siku chache hadi wiki mbili, na ukiacha katikati ya Januari kwa kuwa umepona, hali hurudi. Kichwa kikiuma, punguza hadi dakika 15 kisha upande taratibu. Usiiwashe jioni, utakesha. Mwenye ugonjwa wa retina (utando wa nyuma ya jicho), mwenye ugonjwa wa hisia unaompandisha na kumshusha, au anayetumia dawa zinazofanya ngozi iathiriwe na mwanga, kama doksisaiklini, amwone daktari kwanza.

Na huzuni ikizidi wiki mbili, kazi na chakula vikikushinda, taa peke yake haitoshi. Nenda kwa daktari. Mawazo ya kutaka kufa hayasubiri miadi: Marekani piga 988, Uingereza 116 123.

Vitamini D ni habari nyingine, ingawa watu huichanganya na hii. Kioo cha dirisha huzuia mionzi inayoitengeneza, kwa hiyo kukaa dirishani kunasaidia moyo, si vitamini. Uingereza hushauri kila mtu mzima mikrogramu 10 kwa siku, yaani yuniti 400, wakati wa vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kuzimeza mwaka mzima. Usivuke mikrogramu 100. Inalinda mifupa na misuli. Ushahidi kwamba inafukuza huzuni ni dhaifu.

Hutatoka nje kama hujui kuvaa. Fulana ya pamba hulowa jasho na kukugandisha ukisimama kituoni. Vaa ya sufu nyembamba au ya nyuzi za michezo, juu yake sweta, kisha koti la kuzuia upepo. Kosa la wageni ni soksi jozi mbili ndani ya buti linalobana: damu haizunguki na vidole vinakuwa baridi kuliko mwanzo. Jozi moja nene, buti lenye nafasi ya kuchezesha vidole. Kwenye barafu tembea kama bata, hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

Jioni ndiyo ndefu, na huzuni hupenda mtu aliyejifungia. Usingoje kujisikia vizuri ndipo uwatafute watu. Panga siku na saa, uende hata ukiwa huna hamu. Chai ya kukaribishia wageni: maji vikombe 3, kipande cha tangawizi cha kidole gumba kilichopondwa, iliki 4. Vichemke dakika 5 ndipo uongeze majani na kikombe cha maziwa. Tangawizi mbichi ikitangulizwa kwenye maziwa ya baridi, maziwa hukatika yakipashwa moto, kwani ina kimeng'enya kinachoyagandisha. Maji yanayochemka hukiua.

Kupiga simu nyumbani nako kuna hesabu yake. Saa zikirudishwa nyuma Ulaya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, tofauti ya Stockholm na Dar es Salaam hutoka saa 1 na kuwa saa 2, na simu ya saa 3 usiku humkuta mama yuko saa 5, ameshalala. Isogezeni hadi saa 1 jioni. Walio Minneapolis, Marekani, tofauti yenu na Nairobi wakati wa baridi ni saa 9: pigeni Jumamosi saa 3 asubuhi, kwao ni saa 12 jioni, watoto wametoka kuoga.