Jibu: Sarafu ya shaba yenye Yesu, mbona haina jina la mfalme?
Habari mkuu. Unasema sarafu yako ya shaba ina sura ya Yesu upande mmoja, na jina la mfalme hulioni. Usihangaike kulitafuta, halimo. Anza na upande wa pili: ukikuta mistari ya Kigiriki isemayo "Yesu Kristo, Mfalme wa Wafalme", hiyo ni folisi (sarafu ya shaba) isiyo na jina la mfalme, ya Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki, aina iliyoanza enzi za mfalme Ioannes I Tzimiskes (969–976) na kukomeshwa na mageuzi ya sarafu ya mfalme Alexios I mwaka 1092. Ukikuta Bikira Maria ameinua mikono, ni ya karne ya 11. Nyingi ziligongwa juu ya sarafu kuukuu, kwa hiyo mabaki ya herufi za ajabu yasikuchanganye. Na tafadhali, usiisugue kwa limau!