Kwa mkaguzi mpya wa vyombo vya abiria Dodoma: kazi ni kurudi

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kukagua usalama wa vyombo vya abiria, mlioko LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), mlioko polisi, na hata mlioajiriwa na kampuni za mabasi kama maofisa usalama. Mnakuja na sheria kichwani, na hilo ni jema. Ila kwa niliyoyaona katika kazi hii, kukamata kosa ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kurudi kwenye basi lile lile na kwa dereva yule yule, ukaone kwa macho yako kwamba ulichoandika kwenye fomu kimetengenezwa. Kosa lililoandikwa likaachwa linaua sawasawa na kosa ambalo hakuna aliyeliona, na ni baya zaidi kwa sababu serikali ilishajua.

Mpangilio wa ofisi ujue mapema usije ukapoteza siku kumtafuta asiyehusika. LATRA iliundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 ikachukua nafasi ya SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu: inatoa leseni za usafirishaji, inathibitisha madereva, inafuatilia mwendo wa mabasi, na inadhibiti usalama wa reli. Ubovu wa gari barabarani na leseni ya udereva viko kwa Kikosi cha Usalama Barabarani, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa na vijijini ni za TARURA. Treni zinaendeshwa na TRC. Ukikuta kona imemomonyoka pembeni, usiseme "hiyo si yetu" ukapita. Waandikie wahusika, nakala ibaki kwenye jalada lako. Hapa Dodoma tuna bahati kwamba wizara ziko Mtumba, na barua ikicheleweshwa unaweza kuifuata kwa miguu yako.

Sasa twende stendi.

Basi la asubuhi pale Nanenane likaguliwe kabla abiria hawajapanda. Wakishakaa, kila mtu anakuwa upande wa dereva: abiria ana msiba Singida, mwingine ana usaili Dar, konda anaangalia saa, na wewe peke yako unaonekana mkorofi. Fika mapema, gari likiwa tupu. Anza na tairi, kwa sababu tairi halidanganyi. Usiridhike na kashata, yaani meno ya tairi, peke yake. Inama, piga tochi ubavuni, tafuta tarakimu nne zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 3518, hilo ni la wiki ya 35 mwaka 2018. Nimeona tairi lina kashata nzuri kabisa, linang'aa kwa kupakwa dawa, kumbe ni la zamani na mpira umeanza kupasuka vijistari ubavuni. Tairi la namna hiyo kwenye lami ya mchana kuelekea Manyoni, gari likiwa limejaa na mizigo iko chini, ni suala la muda tu. Angalia pia tairi la ndani kwenye ekseli ya nyuma. Mwenye gari anayebana matumizi hulificha bovu huko, akijua wakaguzi wengi hawainami.

Breki za upepo nazo hazikaguliwi kwa kuuliza. Mwambie dereva ajaze upepo mpaka geji isimame, azime injini, akanyage pedali na kuishikilia. Wewe zunguka gari kimya kimya. Upepo ukivuja utausikia, na geji itashuka mbele ya macho ya dereva mwenyewe. Hapo hakuna mabishano. Halafu nenda kwenye mlango wa dharura ukaufungue kwa mkono wako. Kuusoma maandishi hakutoshi. Mara nyingi utakuta kuna kiti kimeongezwa au mizigo imebananishwa, au kitasa hakijaguswa tangu gari liingie nchini. Mikanda nayo, ivute mmoja mmoja. Iliyokatwa au kufungwa chini ya kiti ihesabu kuwa haipo.

Kuna jambo ambalo hakuna fomu itakufundisha: madereva wanajua ubovu wa magari yao kuliko wewe, na wengi wanatamani mtu aujue. Wanachoogopa ni bosi. Ukimfokea dereva mbele ya abiria umeziba mdomo wake, na wa wenzake wote waliosimama hapo. Msalimie kwanza. Mtu mzima mwamkie shikamoo hata kama sare iko kwako. Asubuhi moja mzee mmoja wa njia ya Kondoa alinivuta pembeni, akajifanya ananionyesha karatasi, akasema: "Mwanangu, ya nyuma kushoto haishiki vizuri. Lakini mimi sijakwambia." Tukaanzia gurudumu la mbele kulia, tukazunguka, tukafika nyuma kushoto kama kwa bahati. Lini za breki zilikuwa zimekwisha. Gari likabaki, na jina la mzee halikuingia kwenye karatasi yoyote. Mlinde anayekuambia ukweli. Akifukuzwa kazi kwa ajili yako, hakuna dereva atakayekuambia kitu tena.

Baada ya gari, mtu. Magari makubwa ya abiria kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu, na 50 kwenye makazi. Mfumo wa LATRA wa kufuatilia mabasi unarekodi mwendo, na dereva anatakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka. Ni chombo kizuri sana, lakini takwimu zinataka mtu wa kuzisoma. Wapya wengi wanatafuta mstari mwekundu tu, basi limevuka 80, faini, basi. Tafuta na kile kisichoonekana. Basi ambalo rekodi yake inakatika kila safari sehemu ile ile halina bahati mbaya ya mtandao. Kuna mtu anakata umeme wa kifaa. Kitufe cha dereva mmoja kikionekana kazini kutwa nzima na usiku wake, ama mtu huyo halali, ama amemwachia mwenzake kitufe. Yote mawili yanatosha kulisimamisha basi.

Hesabu nyepesi inasaidia kuliko kompyuta. Kutoka hapa hadi Dar ni kilomita zipatazo 450. Ukishika 80 bila kusimama hata kidogo, ni zaidi ya saa tano na nusu. Na katikati kuna Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze na Mlandizi, kote huko kuna vibao vya 50, vivuko vya wanafunzi na foleni. Kampuni ikitangaza kwamba basi lake linafika kwa saa tano, huhitaji kusubiri ajali. Wameshakuambia wenyewe wanavyoendesha. Ratiba ndiyo inayomkanyagisha dereva mafuta, kwa hiyo ifuate ratiba ofisini kwa mwenye basi, usimalizane na dereva tu. Tangu mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi, jambo hili limekuwa zito zaidi, maana usingizi haukamatwi kwa tochi ya mwendo. Muulize dereva wa pili alilala wapi. Kama jibu ni "kwenye basi, kule nyuma", andika.

Daladala zina ugonjwa wa namna hiyo hiyo, jina lake hesabu. Dereva wa Sabasaba anayetakiwa kumpelekea tajiri kiasi fulani kila jioni atajaza kupita kiasi, atakimbizana na mwenzake kuwahi abiria wa Nzuguni, na akichoka atampa deiwaka, yaani kibarua wa siku, usukani. Huyo deiwaka hayupo kwenye daftari lolote. Ukimtoza faini leo, kesho hesabu iko pale pale na sasa imeongezeka faini. Mimi naamini kabisa kwamba usalama wa daladala utaanza siku wamiliki watakapoitwa na kuulizwa juu ya mikataba ya madereva wao. Mkaguzi anaweza kuanzia hapo: omba mkataba kila unapokagua gari, na uandike pale usipouona.

Reli naijadili kwa sababu iko mkoani kwetu, na kwa sababu ya ajali ya Igandu. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 ilikuwa inapanda mlima baada ya stesheni ya Msagali, ikashindwa, ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kila anayeingia kwenye kazi hii Dodoma aijue tarehe hiyo. Ajali ya namna hiyo inakufundisha maswali ya kuuliza. Treni ikisimama mlimani, nani anahakikisha kwamba breki za mkono zimefungwa? Upepo wa breki ukivuja taratibu, nani anaona? Treni nyingine iko umbali gani, na nani ana uwezo wa kuisimamisha? Ukiuliza ujibiwe "utaratibu upo", omba uonyeshwe ukifanyika.

Treni ya SGR, reli yetu mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024 inatumia umeme na kufikia kilomita 160 kwa saa. Ni fahari yetu, na mifumo yake ya ishara inamsaidia dereva kwa namna ambayo ile reli ya zamani haikuwa nayo. Kwa mkaguzi maana yake ni kwamba kosa limehama. Limetoka mkononi mwa dereva limeingia kwenye nyaya, programu na ratiba ya matengenezo, mahali ambapo tochi haifiki. Mnaosomea uhandisi wa umeme na ishara, njooni huku. Tunawahitaji kuliko mnavyodhani.

Kuna mfano wa mbali ambao huwa nawapa vijana, nao ni wa treni za mjini Washington, Marekani. Tarehe 22 Juni 2009 treni moja iliigonga nyingine iliyosimama karibu na kituo cha Fort Totten, wakafa watu 9. Mfumo wa kielektroniki uliotakiwa kugundua treni iliyoko relini haukuiona ile iliyosimama. Huo ni ubovu wa kifaa. Lakini nyuma yake kulikuwa na udhaifu wa serikali. Kamati iliyosimamia usalama wa treni hizo kwa niaba ya Maryland, Virginia na jiji lenyewe ilikuwa inaweza kushauri tu, haikuwa na uwezo wa kutoza faini wala kuamuru. Serikali Kuu nayo mpaka mwaka 2012 haikuwa na mamlaka ya kuweka viwango vya usalama wa treni za mijini. Ilibidi mwaka 2015, baada ya abiria mwingine kufa kwenye moshi ndani ya handaki, serikali hiyo ichukue usimamizi yenyewe, na mwaka 2019 kikapatikana chombo kipya chenye meno. Nchi tajiri namna ile, ilikuwa na wakaguzi, ripoti na vikao. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "simamisha" na ikasimama.

Sisi hapa sheria imetupa uwezo huo. Swali ni kama tunautumia siku simu inapoita. Itaita. Utakuwa umeshalizuia basi, na sauti ya mtu anayejuana na wakubwa itakuambia kwamba abiria wanateseka na gari "litatengenezwa likifika". Usigombane naye. Mjibu kwa heshima kwamba unaomba maelekezo hayo kwa maandishi ili uyaweke kwenye jalada. Karibu kila mara maandishi hayaji, na basi linabaki pale lilipo mpaka fundi afike. Abiria watafutie gari jingine. Hilo nalo ni jukumu lako, usiwaache juani ukadhani umemaliza kazi ya usalama.

Kuhusu kumbukumbu: weka daftari la hoja zilizo wazi. Kila ubovu uwe na namba ya gari, tarehe uliyouona, aliyeahidi kutengeneza, na siku utakayorudi. Risiti ya vipuri haifungi hoja, wala ujumbe wa simu wenye picha ya gurudumu haufungi, kwa sababu gurudumu lile unaweza usijue ni la gari gani. Hoja inafungwa na wewe au mwenzako aliyeenda, akainama, akaona. Likizo ikikukuta, mkabidhi mwenzako daftari kwa saini. Na siku ukipata uhamisho, usiondoke Dodoma kabla hujapitia kila mstari ulio wazi pamoja na anayekupokea, ikiwezekana mkiwa stendi, mbele ya magari yenyewe.