Jicho la ng'ombe kuwa jeupe: chunguza kwanza, dawa baadaye

Mkuu unayeuliza kuhusu mtamba wako wa Tukuyu mwenye ukungu jicho la kushoto na machozi yasiyokauka: hao wanaokwambia mpulizie chumvi au ugoro, achana nao. Jicho huenda lina kidonda tayari.

Mimi nafuga bandani huku huku Rungwe. Ninachotazama kwanza ni kama limeumia jicho moja au yote mawili. Likiwa moja, washukiwa wangu ni fimbo ya mchungaji na malisho. Majani ya Guatemala na mabua yana ncha kali, na ng'ombe huzamisha uso mzima horini. Mfunge kichwa kwenye nguzo, kivulini, mulika tochi kutokea ubavuni, halafu vuta kope taratibu. Kuna jike wangu alikutwa na kipande cha ganda la hindi kimejibana nyuma ya kile kikope cha ndani, upande wa puani. Ukimtazama kwa mbele huoni kitu. Kilitoka kwa kusafishwa na maji ya dripu. Wakati mwingine utakuta minyoo myembamba kama nyuzi inacheza humo.

Doa jeupe likianzia katikati ya jicho, mnyama akakwepa jua, na wenzake nao wakaanza kutoa machozi, hapo nafikiria bakteria Moraxella bovis. Nzi ndio wasambazaji, na vumbi la kiangazi huzidisha. Mtenge, antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya sindano husaidia, kipimo akupe daktari kulingana na uzito.

Yakiwa macho yote mawili, shika kipimajoto. Joto likipita nyuzi 39.5 papasa tezi chini ya masikio na mbele ya bega. Zikiwa zimevimba, na masikioni kuna kupe wa kahawia, hiyo inaweza kuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe hao, na jicho ni dalili tu: mwite daktari siku hiyo hiyo. Na kama unachanganya ng'ombe na kondoo, ukaona makamasi mazito na weupe unaotambaa kutoka pembeni kuingia katikati, mweleze pia habari ya hao kondoo, maana kuna homa kali ya ng'ombe ambayo kirusi chake hukaa kwao bila kuwaumiza.

Ikiwa uso wa jicho ni safi ila weupe uko ndani, nyuma ya mboni, huo ni mtoto wa jicho. Usipoteze hela kwa tyubu ya dawa ya macho.

Tyubu yenyewe soma maandishi. Yenye deksamethasoni (dawa ya kutuliza uvimbe) isiguse jicho kabla daktari hajalitia ile rangi inayoonyesha kidonda kwa kijani; kidonda kikipata dawa hiyo, jicho linaweza kutoboka.