Dada wa Igoma, usithubutu kunyamaza!

Umeuliza utajuaje mtoto analishwa maneno na baba yake na uanzeje kuongea naye, sawa, ila hapo uliposema utaacha kupiga simu Nansio, kule Ukerewe alikopelekwa mtoto wako, "hadi mambo yapoe" nimeacha dagaa jikoni nikaja kuandika.

Wangu nao walipelekwa Ukerewe kwa bibi yao, eti likizo. Shule zikafunguliwa, hawarudi. Sasa kuna mama mmoja wa kikoba chetu Kirumba, mshauri wa ndoa wa kujipachika (zake zilimshinda ila tusifike huko), akaniambia nyamaza mwaya, damu nzito kuliko maji, watakutafuta wenyewe wakikua. Na mimi nikamsikiliza! Nikakaa weee najiona mama mvumilivu, kumbe ukimya wangu ndo unamthibitishia mtoto anachoambiwa, kwamba mama katukimbia. Siku nimeenda, mkubwa kaniamkia kama mgeni wa bibi, halafu ananiambia nilijali "maslahi binafsi". Darasa la pili! Kayatoa wapi, bungeni? Hiyo ndo dalili unayoulizia, maneno ya watu wazima, ukimuuliza maana yake anaangalia chini.

Mahakamani ndo nikaisoma namba. Afisa ustawi wa jamii anaandika ripoti, kaenda shuleni, mwalimu kamwambia mama yao hatujawahi kumuona. Ningebisha nini? Baba yao hata hakuhangaika kunisingizia.

Na hiyo ya kwamba mtoto akivuka miaka 7 ni wa baba, wasikutishe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia aliye chini ya 7 ni vizuri akae na mama, ila akivuka hapo hageuki mali ya baba, mahakama inaangalia ustawi wake na yeye mwenyewe anaweza kusikilizwa. Hata akibaki huko, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuruhusu kuomba mahakama ikupangie kumuona.

Kwa hiyo piga leo, wasipopokea tuma meseji na usiifute. Panda meli, ukiikosa zungukia Bunda ukavukie Kisorya, tiketi tunza. Ukishuka anzia shuleni kwa mwalimu wa darasa kabla ya kwa bibi, akujue sura, achukue namba yako. Ustawi pale halmashauri pitia safari hiyo hiyo. Na yule mama wa kikoba akikufuata na wewe na ushauri wake, mwambie bado namdai mchango wangu.