Maswali Yenu: Meseji za Uthibitisho, Bili na Wezi

Tuna programu ya kuagiza gesi ya kupikia. Kila anayejisajili hutumiwa meseji yenye namba ya uthibitisho. Bili imepanda ghafla, wateja wapya hawajaongezeka, na msambazaji wa meseji anasema zote zilifika. Zimefika wapi? (Msomaji, Dodoma)

Huenda msambazaji anasema kweli: zimefika kwa wezi. Mlaghai hukubaliana na mtu wa kampuni inayopitisha meseji, katika nchi ambako meseji moja ni ghali, kisha roboti yake (programu inayojiendesha) hujaza fomu yenu kwa maelfu ya namba za huko. Kila meseji mnailipia ninyi, wao wanagawana. Hata wakubwa wameliwa: mwaka 2023 Elon Musk alisema Twitter inapoteza dola milioni 60 kwa mwaka kwa njia hii.

Fungueni kumbukumbu za mfumo. Mkikuta namba zinazofuatana, nchi msizo na mteja hata mmoja, na namba za uthibitisho zinazoombwa lakini haziingizwi kamwe, jibu mmelipata.

Fungeni nchi kwanza. Ruhusuni +255 pekee, na mfanye hivyo kwenye seva yenu (kompyuta inayoendesha mfumo) na kwenye akaunti yenu ya msambazaji. Kuficha nchi kwenye skrini tu hakusaidii, kwa kuwa roboti haipiti kwenye skrini. Kisha wekeni subira inayorefuka kati ya maombi: sekunde 60, dakika 5, saa moja, na yasizidi matano kwa siku kwa namba moja. Hilo peke yake halitoshi, maana roboti hubadilisha namba kila mara. Hesabuni pia maombi kwa tarakimu za mwanzo za namba na kwa anwani ya IP, yaani namba inayoonyesha ombi limetokea wapi kwenye intaneti. Kwenye IP msikaze mno: wateja wengi wa mtandao mmoja wa simu hutokea kwenye anwani moja, mkiweka kikomo cha watu watatu mtawafungia wateja halali. Mwisho, wekeni kikomo cha matumizi ya siku, na kengele ya kulia pale meseji zilizotumwa zinapoongezeka huku zilizothibitishwa zikibaki palepale.

Tazameni pia maandishi yenyewe. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160. Ikiingia alama moja isiyomo kwenye seti ya herufi za GSM (herufi za kawaida za mitandao ya simu), uwezo hushuka hadi 70. Kiswahili kina mtego wake hapa: kikato cha "ng’" kilichopinda, ambacho programu za kuandikia hukiweka zenyewe, kinatosha kuigawa meseji ya herufi 120 iwe mbili, na mnalipia mbili. Tumieni kikato kilichonyooka (').

Chama chetu kinaweka akiba kwa programu inayotegemea meseji tu kuruhusu kutoa pesa. Ni salama? (Msomaji, Mombasa)

Kwa akiba, hapana. Meseji inathibitisha nani ameshika laini leo, si mwenye akaunti ni nani. Mwizi akimdanganya au kumhonga wakala, namba yako inahamia kwenye laini yake. Simu yako inakosa mtandao, naye anapokea kila kitu. Kuna na njia isiyomgusa wakala: mwaka 2017 nchini Ujerumani wezi walipitia SS7, mfumo wa zamani ambao kampuni za simu hutumia kuelekezana meseji, wakachota fedha za wateja wa benki. Mwaka huohuo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliiweka meseji kwenye kundi la njia za kutumika kwa masharti.

Mwombeni mtengenezaji aongeze programu ya namba zinazobadilika kila sekunde 30. Hiyo haihitaji mtandao wala haina gharama ya meseji. Lakini ulizeni swali hili: mtu akisahau neno la siri, anarudishiwa akaunti kwa meseji? Kama ndiyo, ulinzi wote huo ni bure. Kurejesha akaunti kuchukue walau saa 24, na wawekahazina wengine wajulishwe. Meseji nayo itaje kazi yake: "482913 ni ya KUTOA sh 30,000. Usimtajie mtu." Anayepigiwa na tapeli atajua anachoombwa.

Namba ya uthibitisho iwe na tarakimu ngapi, na idumu muda gani? (Msomaji, Kigoma)

Sita, dakika 10, majaribio matano. Majaribio yahesabiwe kwa akaunti, si kwa kila namba mpya, la sivyo mwizi ataomba nyingine na kuanza upya. Na hakikisheni seva hairudishi namba hiyo kwenye jibu lake kwa programu. Kosa hili ni la kawaida kuliko mnavyodhani.

Kubipu badala ya meseji? (Msomaji, Nakuru)

Inawezekana: mfumo unabipu, na tarakimu za mwisho za namba iliyopiga ndizo uthibitisho. Mara nyingi ni nafuu. Ila tarakimu nne ni uwezekano 10,000 tu, na kwenye iPhone programu haisomi orodha ya simu, mteja lazima aandike mwenyewe. Tumia kwa usajili, si kwa pesa.

Nimenunua laini mpya, napokea namba za uthibitisho za mtu mwingine. (Msomaji, Kahama)

Namba yako iliwahi kuwa na mwenyewe, ikafungwa, ikauzwa tena. Usiziingize popote. Unapojisajili mahali ukaambiwa namba tayari ina akaunti, usiombe kurejesha neno la siri. Waandikie huduma kwa wateja waitenganishe. Nawe kabla ya kuacha laini yako ya zamani, iondoe kwanza kwenye benki, barua pepe na mitandao, kisha piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.